Nani Alikata Mlango wa Nora?

Mwaka nilioacha chuo bila cheti, nilipata kazi ya kuigiza vitabu teule. Tulikuwa watu sita na mabegi mawili ya nguo. Alfajiri tunapanda matatu Kitengela, tunashuka Isinya au Kajiado mjini, na kufikia saa nne tuko kwenye bwalo la shule fulani, meza zimesukumwa ukutani, harufu ya maharagwe bado iko hewani. Tamthilia ilikuwa A Doll's House ya Henrik Ibsen, Mnorwe, ya 1879. Ilikuwa inatahiniwa kwenye KCSE.

Tuliikata, manze. Mchezo wa karibu saa tatu ukawa wa saa moja na nusu. Torvald alianza na Kiingereza safi, akikasirika anaruka hadi Sheng. Krogstad alidai pesa zake kama wale watu wa mikopo ya simu wanaopigia hadi shangazi yako. Bwalo lililipuka. Nami nikawa nacheka huku nina aibu, kwa sababu kichwani kulikuwa na mhadhiri akiniambia hii si sanaa.

Aibu hiyo niliponywa na opera, kitu ambacho sijawahi kuona jukwaani. Tunaidhania ni ya wenye suti, ukikohoa unaangaliwa vibaya. Lakini cheki ilivyoingia New York. The Barber of Seville ya Rossini ilichezwa huko kwa Kiingereza mwaka wa 1819, miaka sita kabla kundi la Manuel García kuileta kwa Kiitaliano. Mwaka wa 1831 ikaja Cinderella. Rossini, katika La Cenerentola, alikuwa amemtoa yule mama wa miujiza na kile kiatu, akaweka mwanafalsafa na bangili. Rophino Lacy, aliyeitengeneza upya kwa Kiingereza kule London, alirudisha vyote viwili na kuchomeka muziki kutoka opera nyingine za Rossini. New York waliipenda sana. Watu waliijua hadithi, wakataka kiatu chao.

Halafu wenye pesa wakataka mahali pao. Jumba la opera la Astor Place lilifunguliwa mwaka wa 1847 likiwa na masharti ya mavazi, glovu zikiwemo. Opera ilikuwa ileile ya Italia. Kilichobadilika ni nani aliyeshika mlango.

Mlango ndio unaonirudisha Kajiado. Shule moja, dakika kumi kabla ya kuanza, mwalimu mkuu alituita kando. Alisema Nora asitoke mwishoni. Hataki wasichana wake wafundishwe kuacha ndoa. Yeye ndiye alikuwa na pesa zetu kwenye bahasha, kwa hivyo tukakubali. Nora wetu alifika mlangoni, akakumbuka watoto, akarudi akapiga magoti. Makofi yalikuwa machache. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, kwa sauti ya kusikika, "Lakini si kwa kitabu anaenda?"

Baadaye nikajua Ibsen mwenyewe alipitia haya. Mwaka wa 1880, kule Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kumcheza mama anayeacha watoto. Ibsen akaandika mwisho mwingine, Nora abaki, akihofia wengine wangemwandikia mbaya zaidi. Mwisho huo aliuona kama ukatili kwa tamthilia yake.

Kwa hivyo tuache kuuliza kama maigizo ya shule ni sanaa "halisi". Kukata si dhambi. Tuulize tumemkatia nani. Sheng ya Torvald tuliweka kwa ajili ya wale waliokaa kwenye viti, kama kiatu cha Lacy. Mlango wa Nora tuliukata kwa ajili ya mtu mmoja ofisini, na watahiniwa ndio waliobaki na hasara.

Siku hizi wanaigiza Bembea ya Maisha. Kundi likija shuleni kwa dada yako, mwambie abebe kitabu, aweke alama kila palipokatwa, kisha aulize, hata kama ni kutoka nyuma.

Sisi yule msichana hatukumjibu. Tulilipwa, tukapanda matatu, na hakuna aliyeongea mpaka Isinya.