Kupiga Hodi Ukiwa Ndani

Msimbo wa kompyuta unaochekesha haupimwi kwa wingi wa mistari. Mistari elfu iliyoparaganyika inachosha tu. Kwanza pima usahihi: programu lazima itoe jibu lile lile ambalo programu fupi ingetoa. Chukua FizzBuzz, zoezi dogo la usaili wa kazi: hesabu 1 hadi 100, penye kigawe cha 3 andika Fizz, cha 5 andika Buzz, cha vyote viwili andika FizzBuzz. Mistari kumi inatosha. Mzaha uitwao FizzBuzz Enterprise Edition, ulioandikwa kwa Java, umeitawanya kazi hiyo katika makumi ya mafaili. Ipo klasi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, ya kurudisha neno Fizz, na ipo nyingine ambayo ni kiwanda cha kuitengeneza hiyo ya kwanza. Utamu wake ni kwamba ukichomoa klasi yoyote, huna pa kuilaumu. Jina linajieleza, kazi ni moja, mwalimu angeipa alama ya vema. Upuuzi unaonekana zikikusanyika. Na mzaha haujatia chumvi sana: Spring, mfumo wa Java unaotumika kwa kazi za dhati, una klasi iitwayo AbstractSingletonProxyFactoryBean.

Kisha pima hofu. Kuuliza kama thamani iliyotoka kwa mtumiaji ni tupu ni busara. Kuuliza tena juu ya thamani uliyoiumba mwenyewe mstari uliotangulia ni kupiga hodi ukiwa chumbani mwako. Kilele chake, kwangu, ni aina moja ya data ya ndiyo na hapana iliyoongezewa jibu la tatu: faili halikupatikana.

Wapo watakaosema kucheka kinga kama hizo ni kukaribisha ajali, na watataja Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyolipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka, Juni 4, 1996, kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye biti 16 bila kinga. Hoja hiyo ni nzito. Lakini thamani zenye hatari hiyo zilikuwa saba: nne zilikingwa, tatu zikaachwa kwa kutegemea mwenendo wa Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Tena sehemu iliyokosea haikuwa na kazi yoyote kwa roketi mpya ikisha kuruka, ilirithiwa tu. Kilichokosekana ni mtu kuuliza upya hatari inatoka wapi, na katika msimbo wenye kinga mia zinazofanana, zile tatu zisingeonekana kwa urahisi zaidi.