Ari ya Dini na Faida ya Biashara katika Mchezo wa Medieval: Total War

Mchezo wa kompyuta uitwao Medieval: Total War, uliotolewa mwaka 2002 na Creative Assembly ya Uingereza, wahusu wafalme wa Ulaya na wa nchi za jirani tangu mwaka 1087 hadi 1453. Mchezaji hutawala majimbo, hutoza ushuru, hujenga bandari na kupigana. Upande wa biashara umetungwa vema. Bidhaa za jimbo hazipati soko la ng'ambo mpaka merikebu zipangwe katika kila bahari iliyo njiani, na vita na mwenye bandari hukata faida mara moja. Mfalme mwenye hasira hutiwa adabu na hazina yake mwenyewe.

Katika dini ndipo nionapo kasoro. Kila jimbo limepewa tarakimu ya ari ya dini, nayo yawekwa mbali na hesabu ya biashara. Makanisa huipandisha, jeshi la Vita vya Msalaba lipitapo, huzoa watu wengi zaidi palipo na tarakimu kubwa. Ari imefanywa kuni tu, hukusanywa ikachomwe vitani.

Lugha yetu haikubali mgawanyo huo. Imani, amana, mwaminifu na muumini ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Tajiri wa pwani aliyetoa mali kauli, yaani bidhaa kwa ahadi tupu, alihitaji mtu wa kuaminiwa. Kuswali pamoja naye kulikuwa dhamana mojawapo.

Msomaji wa Kingerikiti, katika milima ya upande wa Ziwa Nyasa, hana haja ya kutafuta mfano Ulaya. David Livingstone alipohutubia Cambridge mwaka 1857, alitaka biashara na Ukristo viingie Afrika kwa njia moja. Mwaka 1878 ikaundwa Glasgow kampuni ya kuwahudumia wamisionari wa ziwa hilo, ikasimamiwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa African Lakes Company. Ilileta nguo, ikanunua pembe za ndovu. Kisha, tangu 1887 hadi 1889, kampuni hiyo hiyo, iliyozaliwa kwa ajili ya Injili, ilipigana na Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejenga boma karibu na Karonga, kaskazini-magharibi mwa ziwa. Je, ile ilikuwa vita ya pembe, ya watumwa, au ya dini? Wapiganaji wenyewe wasingeweza kuzitenga sababu hizo, na mchezo wenye tarakimu mbili zisizojuana hauwezi kuieleza vita hiyo hata kidogo.

Yafaa watungaji waiache ari ifungue masoko na kuyafunga pia. Mpaka hapo, atakayeufasiri mchezo huu kwa Kiswahili na aandike "ari" au "hamasa". Neno "imani" asilitumie kwa tarakimu ile.