Ufunguo wa Saa ya Mpiga Mbizi: Kuupima kwa Vidole Viwili

Kwa Kiswahili saa hutiwa ufunguo, ingawa wengi wetu hatujawahi kuuona huo ufunguo. Ulikuwa kipande cha chuma cha kuchomeka kwenye tundu la saa ya mfukoni, na ulianza kuachwa miaka ya 1840, pale Mfaransa Adrien Philippe, ambaye baadaye alishirikiana na mtengenezaji wa saa Patek mjini Geneva, alipobuni namna ya kuvuta springi kwa kuzungusha kichwa kidogo kilicho ubavuni mwa saa yenyewe. Wauzaji wa leo hukiita taji. Mimi nitakiita ufunguo, maana kazi yake ni ile ile.

Katika saa ya kawaida ufunguo una kazi mbili: kuvuta springi na kusogeza mishale. Katika saa ya mpiga mbizi kuna ya tatu, kufunga mlango maji yasiingie, na hiyo ndiyo inayowachanganya wanunuzi. Mtu anaishika saa mpya ya mamilioni, anaona ufunguo mgumu, anairudisha mezani akisema mbovu. Mwenzake anakuta ufunguo unateleza kama siagi, anatoa pesa. Huenda wote wawili wamekosea. Ulaini peke yake si ubora. Vidole hupokea habari kutoka sehemu tatu kwa wakati mmoja, yaani hesi, mipira ya kuzuia maji na gia, na kazi ya mnunuzi ni kuzitenganisha.

Anza na hesi. Bonyeza ufunguo kidogo kwa ncha ya kidole, kisha uzungushe kinyume cha mwendo wa mishale. Upinzani uwe ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, halafu springi ya ndani iusukume ufunguo nje kwa upole, bila kuruka kama kizibo cha soda. Sasa ufunge, lakini usianze kwa kufunga. Uzungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie umedondoka kidogo, *tuk*. Hapo hesi ya ufunguo na hesi ya bomba ambamo ufunguo huingia zimekutana mwanzoni, ndipo ugeuze uelekeo. Hila hii si ya Uswisi. Kila aliyewahi kufunga kifuniko cha chupa ya chai kikapanda upande anaijua.

Ukifunga, sikiliza chembe. Ukihisi kama ufunguo unasaga mchanga, rudia mara tatu nne. Ikiwa mkwaruzo uko mahali pale pale kila mzunguko, hesi yenyewe imechongwa vibaya au imeumia, na hapo usikubali kuambiwa kwamba itazoea. Hesi ya chuma haizoei, inalika. Ikiwa mkwaruzo unahama, leo hapa kesho pale, mara nyingi ni uchafu: unyoya wa chuma uliobaki kiwandani, au chumvi kavu ikiwa saa imeshaonja bahari. Uchafu unasafishika.

Ugumu wa mipira ni jambo lingine kabisa, na hapa ndipo ningependa mnunuzi akae muda mrefu. Mpira hausagi, unavuta. Hisia yake ni kama kuzungusha kitu ndani ya grisi nzito: polepole, kimya, sawasawa. Saa mpya ya kuzamia ina mipira mipya inayobana bomba pande zote, na ikiwa imepakwa grisi ya silikoni kama inavyostahili, mzunguko wa mwisho utakazika kidogo kidogo badala ya kugonga chuma kwa chuma. Ukikuta ufunguo wa saa mpya unazunguka bila kuvutwa na chochote, ndipo uwe na wasiwasi. Huo ulaini unaousifu huenda ni mpira usiogusa mahali unapopaswa kugusa.

Historia ya saa hizi karibu yote ni ubishi kuhusu namna ya kufunga tundu hilo moja. Mwaka 1926 Rolex walitoa Oyster, yenye ufunguo wa kukazwa kwa hesi, na mwaka uliofuata Mercedes Gleitze, mwogeleaji wa Kiingereza, aliivaa ndani ya maji baridi ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Lakini saa ile ilikuwa ya kutiwa ufunguo kila siku. Kila siku mlango unafunguliwa, hesi inalika, na siku moja mwenyewe anasahau kuufunga. Rolex walileta dawa mwaka 1931: saa inayojivuta kwa kizito kinachozunguka mkono unapotikisika. Ndiyo maana husemwa kwamba ufunguo bora wa saa ya mbizi ni ule usioguswa mara kwa mara.

Jean-Jacques Fiechter wa Blancpain alipita njia nyingine. Alikuwa mpiga mbizi mwenyewe, na alipotengeneza Fifty Fathoms ya mwaka 1953 hakuweza kutumia hesi, kwa kuwa hataza ilikuwa ya wengine. Akaweka mipira miwili kwenye ufunguo, ili hata ukivutwa kwa bahati mbaya chini ya maji, mmoja ubaki umeziba. Omega nao, katika Seamaster 300 ya 1957, walitegemea shinikizo la maji lenyewe liukandamize ufunguo. Panerai waliuwekea daraja la chuma lenye mkono mdogo wa kuubana kutoka nje, na ukiufungua mkono ule unasikia mlio ambao wapenzi wake wanaweza kuutambua gizani. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kupima ni hili: ufunguo huu unafungwa kwa njia gani? Kumlaumu Panerai kwa kukosa hesi ni kumlaumu mbuzi kwa kukosa mabawa. Na kwa Rolex, tazama chini ya alama yao juu ya ufunguo: nukta tatu zinaonyesha mfumo wa Triplock, wenye kanda tatu za kuzuia maji, na kidole kinazihisi kabla jicho halijazisoma.

Kuna kipimo rasmi pia. Kanuni ya kimataifa ISO 6425 inataka saa ya mpiga mbizi izamishwe kwenye shinikizo linalozidi lile lililoandikwa kwa asilimia 25, huku ufunguo ukisukumwa kutoka ubavuni kwa nguvu ya nyutoni 5 kwa dakika 10. Nyutoni 5 ni kama uzito wa nusu kilo ya sukari. Hivyo kutikisika kidogo kwa ufunguo uliofunguliwa kusikutishe. Mhimili wake ni mwembamba na lazima uwe na nafasi ya kupumua. Kinachokatazwa ni kutikisika ukiwa umefungwa.

Baada ya hesi na mipira, gia. Ufunguo ukiwa umefunguliwa ila haujavutwa, uzungushe mbele. Sasa unavuta springi, na unachosikia ni meno yakipokezana na kijino kidogo kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma. Submariner ya Rolex iliyotoka mwaka 2020, yenye mashine ya 3230 inayohimili takriban saa 70 bila kuvaliwa, huvutika kwa mlio mdogo sana, karibu kama kukunja karatasi laini. Mashine ya ETA 2824, iliyomo ndani ya saa nyingi za bei ya kati, husema wazi zaidi, na hilo si kosa, ni lafudhi yake. Ukirudisha nyuma, meno yaliyochongwa kwa mshazari yateleze kwa mlio mwepesi bila kukataa. Usisubiri ifike mwisho na kugoma, kwani katika saa ya kujivuta springi huteleza ndani ya kasha lake ikijaa. Mizunguko 20 hadi 40 inatosha kuiamsha.

Mitego miwili hapa. Seiko SKX007 ya 1996, saa ambayo wapiga mbizi wengi walianza nayo, hukaa na ufunguo penye tarakimu 4, na mashine yake ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono hata kidogo. Ukizungusha na kusikia utupu, hakuna kilichovunjika. Mtego wa pili ni kinyume chake: unazungusha, na ndani kizito kinaanza kuzunguka kama feni. Magurudumu ya kupokezana yamekauka au yanashikana. Kwa saa ya zamani ni kazi ya fundi. Kwa mpya, irudishe.

Kusogeza mishale nitapita haraka. Vuta, uone kila hatua inatua mahali pake, mshale wa dakika usiruke unaposukuma ufunguo ndani. Tarehe usiiguse kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati gia za tarehe zimeshikana. (Hesabu kwa Kiswahili, tafadhali, si kwa kusoma tarakimu.)

Mimi niliyasoma haya kwa kukosea. Niliwahi kununua saa ya kuzamia ambayo ufunguo wake ulisaga tangu siku ya kwanza, na kwa miezi nikajiambia ni ugumu wa upya. Mkwaruzo ulikuwa unahama, lakini sikuwa nimejua maana yake. Fundi niliyempelekea hakufungua hata kasha la saa. Alivuta ufunguo, akaweka kioo chake jichoni, akachukua njiti ya kuchokolea meno, akaizungusha ndani ya hesi mara mbili. Kwenye ncha ya njiti palikuwa na unyoya mmoja wa chuma, mfupi kuliko kope ya mtoto. Akapaka grisi kidogo kwenye mpira, akanipa nifunge mwenyewe.