Filamu ya Daraja Lililocheza

Filamu yenyewe ni fupi, ya dakika chache tu. Ilipigwa tarehe 7 Novemba 1940 na Barney Elliott, mwenye duka la kamera katika mji wa Tacoma, magharibi ya Marekani, pamoja na mwenzake Harbine Monroe. Inaonyesha daraja la kuning'inia likijipinda kama mkeka unaokung'utwa, mpaka sakafu yake inakatika na kuanguka majini. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa fizikia na kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Leo nataka kuihukumu, na kujihukumu mimi pamoja nayo.

Kila ilipokwisha niliwasha taa na kusema: "Mmeona? Upepo ulipiga kwa mapigo yaliyolingana na mapigo ya daraja lenyewe, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Hiyo ndiyo resonansi." Wanafunzi waliandika, mtihani ukaja, wakapata maksi zao. Mambo yakawa hivyo miaka nenda miaka rudi.

Siku moja alinitembelea mmoja wao, ambaye sasa ni mhandisi. Baada ya shikamoo na chai alisema: "Mwalimu, naomba radhi kwanza. Lile daraja halikuanguka kwa sababu uliyotufundisha. Nilisimama chuoni nikaeleza kwa maneno yako, kwa majivuno kabisa, na profesa akanikalisha chini." Aliniachia nakala ya makala ya Billah na Scanlan, iliyotoka mwaka 1991 katika jarida la walimu wa fizikia wa Marekani. Niliisoma usiku huohuo, na usingizi ukaniruka.

Hoja yao ni rahisi. Asubuhi ile upepo ulikuwa wa kasi ya kilomita 67 hivi kwa saa, ukivuma mfululizo. Haukuwa ukisukuma na kuachia kama msukuma bembea. Vizingia vidogo vya hewa vilivyokatika nyuma ya daraja vingelitikisa takriban mara moja kila sekunde, ilhali daraja lilijipinda mara moja kila sekunde 5. Mapigo hayo hayalingani hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba daraja, lilipoanza kujipinda, lilibadilisha lenyewe namna upepo ulivyolishika. Kila lilipopinda lilivuta nguvu zaidi kutoka upepo uleule. Ni mpapatiko, kama wa bendera. Bendera haihitaji upepo wenye mapigo maalumu ili ipapatike.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna tofauti gani? Daraja si limeanguka? Tofauti ipo, na ni kubwa. Maelezo yangu ya bembea yalilifanya anguko lile lionekane bahati mbaya, yaani upepo fulani ulikutana na daraja fulani. Ukweli ni kwamba daraja lilikuwa jembamba na jepesi mno, na wembamba huo uliamuliwa na watu mezani.

Mhandisi wa jimbo, Clark Eldridge, alikuwa amechora daraja lenye fremu za chuma zilizo wazi, za kimo cha mita 7.6, kwa gharama ya dola milioni 11 hivi. Leon Moisseiff, bingwa wa New York aliyeheshimiwa sana, akasema linaweza kujengwa kwa chini ya milioni 8, likiwa na kuta za chuma zisizo na matundu, za kimo cha mita 2.4 tu. Wenye fedha wakampenda Moisseiff. Hivyo urefu kati ya minara ulikuwa mita 853 na upana mita 12 tu. Sikusudii kumtupia mawe peke yake. Wembamba ulikuwa fasheni ya wakati ule, na hesabu zake kuhusu uzito zilikuwa sahihi. Aliusahau upepo unaofanya kazi na umbo.

Hapa ndipo ninapoilaumu filamu. Inaanza wakati ajali imekwisha kuiva. Haituonyeshi ile miezi minne tangu daraja lifunguliwe tarehe 1 Julai, wakati lilipokuwa likipanda na kushuka waziwazi na watu wakalipa jina la utani, huku wengine wakija kuliendesha gari kwa kujifurahisha. Haimwonyeshi Profesa Farquharson katika maabara yake, akipendekeza, siku chache kabla ya anguko, kuta zitobolewe au zizibwe kwa vipande vya kuukata upepo. Ufa ulionekana, ukuta ndio haukusubiri.

Tena inadanganya hata mwendo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nakala nyingi zinakimbia kuliko tukio lenyewe: daraja linaonekana kujipinda mara 18 kwa dakika, ilhali Farquharson alihesabu 12.

Lakini ina picha moja ninayoiheshimu. Farquharson huyohuyo anatembea juu ya daraja akiufuata mstari wa katikati, mahali ambapo msokoto haukuwa na nguvu. Alikuwa amekwenda kumwokoa mbwa aliyeachwa ndani ya gari. Mbwa akamng'ata, naye akarudi mikono mitupu. Mbwa alikuwa kiumbe pekee aliyekufa. Mtu yule alijua pa kukanyaga kwa sababu alikuwa ameichunguza hali yenyewe, wala hakukariri. Picha hiyo ndiyo niliyopaswa kuisimamisha mbele ya darasa na kuuliza: kwa nini anapita hapo?

Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1950, likiwa na fremu wazi za kimo cha mita 10, na tangu hapo madaraja makubwa hujaribiwa kwanza katika mikondo ya upepo. Wahandisi walisahihisha kosa lao kwa chuma, mahali palepale. Mimi nimestaafu, na wanafunzi wangu wametawanyika. Siwezi kuwaita tena darasani. Kama kurasa hizi zitamfikia hata mmoja wao, basi afute resonansi kwenye daftari lake la zamani, na anisamehe.