Kutoka "Usitupe" Hadi "Hatutupi": Lugha Tunayowafundishia Watoto Mazingira

Muhula uliopita tuliwaomba wanafunzi wetu waliokuwa wakienda mazoezi ya kufundisha waandike hadithi fupi za Kiswahili za kuwafunza watoto wa shule za msingi utunzaji wa mazingira. Hadithi zililetwa, na Kiswahili chake kwa jumla kilikuwa sanifu. Hata hivyo, tulipozisoma pamoja na maandishi ya mabango waliyoyakuta shuleni, tuligundua kwamba karibu zote zina sauti moja: usitupe taka, usikate miti, usichome plastiki, usichafue maji. Makala haya yanahakiki sauti hiyo.

Jambo lenyewe si dogo. Tarehe 10 Agosti 2024, lundo la taka la Kiteezi, ambako taka za jiji la Kampala zilimwagwa tangu miaka ya 1990, liliporomoka, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30, watoto wakiwamo. Sheria dhidi ya mifuko ya plastiki, ambayo hapa Uganda tunaiita kavera, ilipitishwa mwaka 2009, lakini kavera bado zimejaa mitaroni. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba hadithi fulani imeandikwa kwa nia njema. Tunapaswa kuuliza kama inaweza kujenga tabia.

Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi, nayo ina matokeo yake katika malezi. "Usitupe" humlenga mtu mmoja, nafsi ya pili, katika hali ya kukataza. Msemaji ni mkubwa aliyesimama kando. Mtoto ni mtuhumiwa kabla hajatenda lolote. Aidha, amri huhitaji msimamizi. Mwalimu akiondoka, nayo huondoka. Kiswahili kina kiambishi chake cha mazoea, yaani hu-, na methali zetu hukitumia sana: Haba na haba hujaza kibaba, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizo hazimwamuru mtu. Zinaeleza mambo yaendavyo, na msikilizaji hujiamulia. Kama walimu wajuavyo, hu- haina umbo lake la ukanushi; tunapokanusha mazoea tunasema "hatutupi". Neno hilo moja humweka mtoto, mwalimu na mzazi katika nafsi moja. "Usitupe" humwambia mtoto la kufanya, ilhali "hatutupi" humwambia yeye ni wa watu gani.

Kasoro ya pili ni picha ya familia. Katika hadithi mojawapo, msichana anarudi kutoka shule, anamkuta mama yake akiwashia jiko la mkaa kwa kipande cha kavera, anamkaripia, na mama anaomba msamaha. Yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu anajua kwamba mtoto hamsemeshi mama yake hivyo, wala mama hajibu hivyo. Mtoto anayesoma anajua pia, na funzo atakalolipata ni kwamba maneno ya shule yabaki shuleni.

Mwandishi yuko sahihi kwamba moshi wa plastiki una sumu. Alichosahau kuuliza ni kwa nini mama anatumia kavera: ipo karibu, inashika moto upesi, na haina gharama, ilhali mafuta ya taa yananunuliwa. Lau msichana huyo angeokota vijiti vikavu na magunzi ya mahindi njiani na kuviweka kando ya jiko kila jioni, hadithi ingekuwa na tendo la kuigwa na hakuna ambaye angeaibishwa. Isitoshe, mama kama huyo huwapelekea mbuzi maganda ya matoke na huosha chupa ili aitumie tena. Hadithi haikumwona akifanya hayo, ingawa ndiyo mazoea yaleyale ambayo shule inajitahidi kuyafundisha.

Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, anakumbuka katika tawasifu yake, *Unbowed* (2006), jinsi mama yake alivyomweleza kuhusu mti wa mkuyu alipokuwa akienda kutafuta kuni. Mama alimweleza kwamba ule ulikuwa mti wa Mungu na kwamba wao hawaukati wala hawauchomi. Lilikuwa katazo, lakini lilikuwa na sababu, tena lilisemwa kwa nafsi ya wingi na mzazi aliyelitii mwenyewe. Maathai alilikumbuka hadi uzeeni.

Hatusemi kwamba amri zifutwe. Mbele ya sindano iliyotupwa, mtoto aambiwe "usiguse" papo hapo. Wala lugha haichimbi shimo la taka. Shule isiyo na pipa hata moja, ikiwafundisha watoto kuimba "sisi hutia taka pipani", inawafundisha kusema uongo kwa sarufi nzuri. Sentensi ya mazoea sharti iwe na tendo nyuma yake.

Muhula huu tutazirudisha hadithi hizo kwa wenyewe zikiwa na maswali matatu pembeni. Nani anasema, naye analitenda analolisema? Nyumbani kwa mtoto kuna mazoea gani mema tayari? Je, mtoto anaweza kulitenda jambo hili leo jioni kwa vitu vilivyopo? Walimu wenzetu wanaweza kuyauliza maswali hayo mbele ya mabango ya shule zao, na ikiwezekana wazazi wawepo. Huenda wazazi wakawa na sentensi bora kuliko zetu.