Zimwi Nalo Lilipe Nauli

Kabla sijamgusa mwandishi mwingine yeyote, naomba nianze na hadithi yangu mwenyewe. Ilihusu chombo cha anga, miaka elfu ishirini ijayo, na ndani yake mganga wa mvua kutoka huku kwetu Ugogo, amekaa na mawe yake yanawaka rangi ya buluu. Niliisoma mbele ya washkaji wa kikundi chetu, chini ya mkwaju, nikitegemea makofi. Mmoja akauliza: "Sasa huyo mzee humo chomboni anafanya kazi gani? Mvua isiponyesha, nani anamuuliza?"

Nilikasirika. Nikamwambia hajui fantasia ni kitu gani. Ilinichukua muda kukubali kwamba swali lake ndilo uhakiki mzima wa hadithi ile, na wa hadithi nyingi tunazoandika sisi vijana.

Tuseme ukweli. Wengi wetu tunaoandika mambo ya nyota na mizimu hatukuanzia kwenye vitabu, tulianzia kwenye michezo ya kompyuta. Mimi nilinaswa na Dawn of War, uliotoka mwaka 2004. Nyuma ya mchezo huo kuna mchezo wa mezani wa Uingereza, Warhammer, ulioanza 1983: vinyago vidogo, dadu, na dunia ya mapanga na wachawi. Mwaka 1987 kampuni ile ile, Games Workshop, ikachukua viumbe wa dunia hiyo na kuwarusha mbele kama miaka elfu thelathini na nane kutoka leo. Mchezo huo mpya ndio Warhammer 40,000. Hapo kuna somo kwa mwandishi yeyote anayetaka kuhamisha visasili kwenda wakati ujao.

Waangalie maelfi, wale viumbe wembamba wenye masikio yaliyochongoka. Katika mchezo wa zamani baadhi yao waliishi misituni. Katika mchezo mpya waliitwa Eldar, na wanaishi katika vyombo vikubwa kama miji kwa sababu dola yao iliangamia. Anasa zao wenyewe zilimzaa mungu mwovu, na mungu huyo anawinda roho zao. Kwa hiyo kila mmoja anavaa jiwe kifuani la kuikamata roho yake siku akifa, isiliwe. Linganisha jiwe hilo na mawe yangu ya buluu. La kwao lina kazi, na ukilipoteza umekwisha. Langu lilikuwa taa tu.

Sasa waangalie wale watu wafupi wenye ndevu, wachimba migodi. Nao walipelekwa angani, wakaitwa Squats, lakini walibaki vilevile, ila sasa wamepanda pikipiki. Katika miaka ya 1990 kampuni ikawaacha kimyakimya, na karibu kizazi kizima kikapita bila wao. Waliporudi mwaka 2022, kwa jina la Leagues of Votann, walikuwa wamepewa jambo la kuumiza kichwa: mababu wanaowaomba ushauri ni mashine kongwe za kufikiri, na mashine zenyewe zinazidi kuchoka. Heshima kwa wazee imebaki, lakini imepata shida ya wakati mpya. Hapo ndipo wakasimama.

Hoja yangu ni hii basi. Kiumbe wa ngano akipanda chombo cha anga lazima alipe nauli. Maana yake, wakati mpya lazima umbadilishe, umnyang'anye kitu, umpe deni. Asipolipa, ni abiria wa kujificha, na msomaji kama konda atamshusha njiani.

Kuna wanaoikimbia nauli kwa ujanja. Mwaka 2017 kampuni ya Paizo ya Marekani ilitoa Starfinder, mchezo uliobeba dunia ya Pathfinder mpaka enzi ya vyombo vya anga. Walifanyaje? Sayari ya nyumbani, Golarion, imetoweka, na kipindi kirefu cha historia kimefutika katika kumbukumbu za kila mtu. Mchezaji anapata uhuru, sikatai. Lakini kwa mwandishi huo ni mlango wa nyuma: swali la "ilikuwaje tukafika hapa" halijibiwi, limefutwa. Walipofaulu ni kwa maelfi tena. Hao huishi mamia ya miaka, kwa hiyo wapo waliopoteza sehemu kubwa ya maisha yao wenyewe, na tangu hapo hawawaamini wageni. Hapo wamelipa.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimpakia shujaa wake Dzombo kwenye chombo cha anga kabla wengi wetu hatujaigusa kompyuta. Chombo kile si pambo, ni adhabu: ndicho anachofungiwa aliyehukumiwa kufa. Dzombo anafika kwenye dunia nyingine, na jina lake ukilikata vipande linakwambia wale ni sisi. Naye Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, katika Mzingile ya mwaka 1991 aliutembeza mzigo wa visasili ndani ya dunia iliyokwisha kuangamizwa. Ni kitabu kigumu, nakiri nilikisoma mara mbili. Lakini hakuna mzimu unaozurura mle bila sababu.

Narudi kwa mganga wangu wa mvua. Sisi wa Dodoma tunaijua mvua kwa kuikosa. Msimu ni mmoja, kama Desemba mpaka Aprili, na maji ya mjini kwa miaka mingi yametoka kwenye visima virefu vya Makutupora. Zamani mtemi wa Wagogo ndiye aliyetunza mawe ya mvua, na nchi ikikauka lawama zilimwangukia yeye. Nguvu yake na kuwajibika kwake vilikuwa kitu kimoja. Mimi nilichukua mawe, nikaacha lawama. Nilibeba mzigo mwepesi.

Ningeiandika leo, ningemweka kwenye koki ya maji ya chombo. Wanuri Kahiu katika filamu yake Pumzi ya mwaka 2009 ameonyesha watu wa kesho wakisafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Humo ndimo mzee wangu angeingia vizuri: mashine inahesabu matone, yeye anajibu mbele ya watu kwa nini hayatoshi. Mawe anayo bado, lakini hakuna anayejua kama yanafanya kazi, hata yeye mwenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni kuwatupa maelfi na kuandika mazimwi yetu tu. Nawaheshimu, ila siafiki. Ukimtoa elfi ukaweka zimwi, na hadithi ikaenda vilevile bila kubadilika hata sentensi, umebadilisha shati tu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi zimwi lako lazima limjue mtu fulani, lidai kitu, lizuiwe na sharti fulani. Hilo sharti ndilo la kubeba, pembe na mkia vitafuata.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi chipukizi, ukimaliza hadithi yako ya nyota, mpe mtu asiyekuogopa aisome. Akuulize kila kiumbe mle ndani amelipa nini. Yule mshikaji wangu nilishamwomba radhi, na hadithi mpya iko mikononi mwake. Bado hajanirudishia.