Ufundi wa Kunywesha Udongo
Lubumbashi ni mji wa wachimbaji. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na hadi leo tunamsifu zaidi anayejua kutoa kitu ardhini. Mimi namsifu anayejua kuirudishia ardhi maji machafu ya nyumba bila kuidhuru: fundi wa fosi septiki na mitaro yake ya kunyonya maji.

Fosi yenyewe tunaifahamu. Mfaransa Jean-Louis Mouras wa Vesoul aliipatia hataza mwaka 1881, na wazo lake halijabadilika sana: uchafu mzito huzama, mafuta huelea, maji ya katikati hutoka kwa bomba. Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Lakini maji hayo, hata yakionekana mepesi, bado yamebeba vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu. Udongo ndio unaoyasafisha. Yakipita taratibu kwenye udongo wenye hewa, viumbe wadogo wa ardhini hula uchafu uliobaki, na vijidudu hunasa kwenye chembe zake na kufa.

Ndiyo maana fundi mzuri hayaharakishi maji, huyatandaza. Puits perdu, yaani shimo la kunyonya maji lenye kina kirefu, huyamwaga yote mahali pamoja, karibu na maji ya kisima. Yeye huchimba mitaro mirefu isiyo na kina kikubwa, yenye upana wa nusu mita hivi, akaijaza kokoto zilizooshwa. Ndani yake hulaza bomba lenye matundu, kwa mteremko usiozidi sentimita moja kwa kila mita. Mteremko ukizidi, maji yote hukimbilia mwisho wa mtaro. Sehemu moja huzama, nyingine hubaki kavu.

Kabla ya hayo yote, huuliza ardhi yenyewe. Huchimba shimo dogo, hulijaza maji mpaka udongo ushibe, hulijaza tena, kisha hupima yanashuka kwa kasi gani. Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi, na palipokuwa na kichuguu kikubwa, kile ambacho udongo wake hufyatuliwa matofali, maji huweza kugoma kabisa kuzama. Tena kuna majira. Mwezi wa Septemba kila udongo una kiu, na kipimo hudanganya. Mwezi wa Februari, baada ya mvua za tangu Novemba, maji ya kisima yamepanda, na hapo ndipo hesabu hupatikana: kati ya sakafu ya mtaro na maji ya chini ibaki angalau mita moja na nusu ya udongo. Fundi asiyeweza kusubiri Februari huwauliza wazee wa mtaa maji hufika wapi.

Hesabu nyingine ni ya umbali: mita 30 kutoka kisima chochote. Hii ndiyo inayonifanya niupende ufundi huu kuliko mwingine wa ujenzi. Maji ya Regideso, shirika la maji, hayafiki kila siku katika kila nyumba, na familia nyingi hunywa maji ya kisima cha uani. Katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya, ni lupango gani, yaani kiwanja gani, yenye mita 30 za kuchezea? Kipimo lazima kivuke ukuta. Mwaka 1854, kisima cha Broad Street mjini London kiliua mamia ya watu kwa kipindupindu, na shimo la maji machafu la nyumba ya karibu, lililokuwa likivuja, lilikuwa takriban mita moja tu kutoka hapo. Kipindupindu kimetufikia sisi pia, zaidi ya mara moja.

Mitaro ikishafukiwa, huhitaji uangalizi. Fosi izolewe tope kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwani tope likifurika huziba mitaro, na mtaro ulioziba haufufuki kwa urahisi. Gari lisipite juu yake, mwembe usipandwe hapo, nyasi zinatosha. Maji ya paa yaelekezwe kwingine. Mafuta ya kukaangia na javeli nyingi, ile dawa ya kung'arishia nguo, visimwagwe, maana javeli huua hata wale viumbe wanaotufanyia kazi.

Fundi wa namna hii hulipwa na mwenye nyumba, lakini huwafanyia kazi pia watu wa upande wa pili wa ukuta, ambao hawatampa hata faranga moja. Tumrahisishie. Kabla ya msingi kuchimbwa, majirani wakae pamoja, kila mmoja aonyeshe kisima chake kiko wapi na fosi yake iko wapi, vichorwe vyote kwenye karatasi moja, na fundi apewe karatasi hiyo. Itagharimu jioni moja, na atakayejenga mwakani ataikuta tayari.